UKURASA WA FAMILIA: Bega Linauma, Lakini Kosa Si la Bega

Ni mwezi mwingine tena na sisi tuko palepale kwenye ukurasa wetu. Mwezi huu hatutaongea habari za madaftari wala mitihani. Tutaongea habari za bega, kiuno, kisigino na kiwiko, kwa sababu maumivu hayo yameingia mpaka darasani kwetu, na tutawaeleza yaliingiaje.

Muhula huu kuna msichana mmoja wa darasa la tano aliyeanza kuchelewa. Kwanza dakika kumi, halafu kipindi kizima, mwisho akawa anakuja siku tatu tu kwa wiki. Akiwa darasani anasinzia, na anashikashika shingo kama mzee. Tunakiri mbele yenu: tulimpa adhabu. Tulimsimamisha nyuma ya darasa mara mbili, mara ya tatu tukamwambia asirudi bila mzazi. Mzazi hakuja. Basi jioni moja tukaenda wenyewe.

Tulimkuta mama yake amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia ameulaza mapajani kana kwamba si wake. Kuuinua kupita bega hawezi. Kujitwika dumu hawezi, kusuka nywele hawezi, kulalia upande ule ndiyo kabisa. "Mwalimu, iko baridi tu," alituambia, "itaisha." Baridi hiyo ilikuwa na miezi minne. Alikuwa amechuliwa na mafuta, amechanjwa chale na kupakwa dawa, amemeza vidonge vya kila rangi kutoka sokoni, vile vinavyofungwa kwenye karatasi bila jina, na sasa hata tumbo lilikuwa linamchoma. Na maji ya nyumba ya watu saba yalikuwa yanachotwa na nani? Na huyohuyo msichana tuliyemsimamisha nyuma ya darasa. Dumu la lita 20, au bidon kama tunavyosema sisi wa ng'ambo ya ziwa, lina kilo 20 za maji. Mtoto mwenyewe ana kilo 35 hivi. Anabeba zaidi ya nusu yake kichwani, mara sita kwa siku. Tulitoka pale tukiwa na aibu.

Sisi si madaktari, ni walimu wa kujitolea. Kwa hiyo tulimwomba yule mama twende naye hospitali ya kambi, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na haya tunayoandika leo mengi tuliyapata pale, mengine tumeyasoma. Kitu cha kwanza kilichotushangaza ni kwamba mtaalamu hakuanza na bega. Alianza na maswali. Unaamka saa ngapi? Ukiamka unafanya nini? Halafu? Halafu tena? Mama akawa anatuangalia sisi, kama anauliza, huyu anapima bega au anaandika habari za maisha yangu?

Kumbe utaratibu huo ni wa zamani sana. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa yanayotokana na kazi. Aliwatembelea watu wa kazi za mikono, akaangalia jinsi wanavyoinama, wanavyosimama, wanavyorudia jambo moja kutwa nzima. Hata makarani aliwaandika, kwamba mikono yao inachoka kwa kushika kalamu siku nzima. Kisha akawaambia madaktari wenzake kwamba pamoja na maswali yao yote ya siku zote waongeze moja: mgonjwa anafanya kazi gani? Imepita miaka zaidi ya 300, na bado wengi wetu tunauliza kwanza dawa gani.

Sasa msikie siku ya huyu mama. Anaamka saa kumi alfajiri. Anakanda unga kilo tano kwa ajili ya mandazi, beseni liko chini sakafuni, yeye amepiga magoti, anasukuma kwa mikono miwili karibu saa nzima. Anakaanga. Kukicha anakwenda bombani. Kwa sababu foleni ina haraka na watu wanagombana, anajitwika mwenyewe: dumu kutoka chini hadi kichwani kwa mkono mmoja wa nguvu, ule wa kulia. Safari tatu asubuhi, tatu jioni. Piga hesabu nasi: mara sita kwa kilo 20 ni kilo 120 kwa siku, na kwa wiki ni kilo 840. Halafu kuna kufua na kukamua nguo. Halafu mara mbili au tatu kwa wiki kuna kutwanga sombe, na kila mtu anayekula sombe ajue kwamba mchi haujiinui wenyewe.

"Lakini maji nimechota miaka yote," mama akasema. "Kule Fizi nilichota mtoni, na bega halikuuma."

Ni kweli. Ndipo mtaalamu akauliza swali ambalo sisi tusingeliuliza: ni kitu gani kilikuwa kipya kabla maumivu hayajaanza? Mama akafikiri. Mandazi. Alianza biashara ya mandazi alipoona posho haifiki mwisho wa mwezi. Baada ya mwezi mmoja hivi, bega likaanza kuuma. Kazi ya zamani ilibaki ileile yote, na juu yake ikapandishwa kazi mpya ya saa nzima kila alfajiri, bila siku hata moja ya kupumzika, kwa sababu Jumapili ndiyo siku mandazi yanaponunuliwa sana.

Hapo lazima tueleze kidogo mwili unavyofanya kazi, tusije tukamlaumu mandazi bure. Misuli yetu imeshikwa kwenye mifupa na kano, zile kamba nyeupe ngumu ambazo ukichinja mbuzi unaziona kwenye muundi. Tukifanya kazi, misuli na kano huumia kidogokidogo, na tukipumzika mwili unazikarabati, tena unaziacha zikiwa na nguvu kuliko jana. Ndiyo maana kijana aliyezoea kulima halalamiki. Lakini ukarabati unataka muda. Damu inayopita kwenye kano ni kidogo, kwa hiyo misuli iliyochoka hutulia kwa siku mbili tatu, kano iliyochoka hutaka wiki nyingi, pengine miezi. Kama kila siku unaibomoa zaidi ya inavyojengwa usiku, itafika siku itakataa. Haikuvunjika siku moja, wala hakuna aliyekuroga.

Mtaalamu alimwambia mama ainue mkono, ukaishia njiani. Kisha akaushika yeye mwenyewe akauinua taratibu, na ukapanda mpaka juu, ingawa mama alikunja uso. Akatueleza kwamba kama ungekataa hata kwa mkono wake yeye, angeshuku kiungo chenyewe kimeganda, na huo ni ugonjwa mwingine wenye matibabu yake. Kwa kuwa ulipanda, zilizochoka ni kano zinazouinua.

Na zile dawa? Kidonge cha maumivu kina kazi yake. Kinampa mtu usingizi, kinamwezesha kuanza mazoezi. Lakini wote tunajua maisha ya chini ya turubai. Turubai likivuja unaweka beseni chini, na beseni linasaidia usiku huo. Ila kama kila siku unamwaga beseni na hupandi kuziba tundu, utamwaga mpaka mvua za mwaka ujao. Mbaya zaidi ni kwamba kidonge kinaweza kukudanganya. Mama alikuwa anameza ili aweze kukanda, anakanda kano zikizidi kuchoka, jioni anameza tena.

Tena vidonge si pipi. Vile vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni, ukivimeza kwa muda mrefu, hasa bila chakula, vinaweza kutoboa tumbo vidonda na kuharibu figo, na mama mjamzito asivimeze bila kuambiwa na mhudumu wa afya. Panado ni afadhali kwa tumbo, lakini mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, kwa sababu vikizidi vinaharibu ini. Kuna na vile vidonge vidogo vya dexamethasone na prednisolone ambavyo wauzaji wengine wanavichanganya na vingine. Hivyo vinapunguza maumivu haraka ajabu, na ndiyo hatari yake: mtu akivizoea uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inalegea, na akiviacha ghafla anaweza kuanguka. Kama muuzaji hakuambii jina la kidonge, usimeze. Na chale, tunaomba tu tuseme kwa heshima ya wazee wetu: wembe uliomchanja mwingine usikuguse.

Turudi kwa mama. Mtaalamu hakumwambia aache mandazi, alijua mandazi ndiyo sabuni na daftari za watoto. Alimwambia abadilishe.

La kwanza lilikuwa beseni. Kijana wake alijenga kwa matofali mabichi kitu kama meza nje ya jiko, kimo cha kiuno cha mama. Sasa anakanda akiwa amesimama, uzito wa mwili wake ndio unaosukuma, bega halifanyi kazi peke yake. Na la pili ni siri ambayo mama mmoja jirani alituongezea, nasi tumeijaribu nyumbani ni kweli: changanya unga na maji, funika, acha nusu saa, kisha ndio ukande. Unga unalainika wenyewe. Kilichokuwa kinachukua karibu saa nzima sasa hakifiki dakika ishirini.

La tatu lilileta maneno. Nyumba ile ina kijana wa miaka kumi na tano, mwenye mabega kama mlango, anacheza mpira kila jioni. Tulipouliza kwa nini yeye hachoti maji, kila mtu alinyamaza. Baba akasema, kwa upole tu, kwamba kule kwetu mtoto wa kiume hajitwiki dumu. Hatukubishana naye, baba ni baba, na sisi ni vijana. Tulimwomba tu ahesabu nasi zile kilo 840. Akahesabu mara mbili. Baada ya kimya kirefu akasema kijana hatajitwika, ila anaweza kukokota. Jirani ana baiskeli. Sasa madumu matatu yanafungwa kwenye baiskeli, kijana anaikokota mara mbili kwa siku, na ni yeye pia anayetwanga sombe. Mama anacheka, anasema sombe yake ina mawe ya haraka, lakini inalika.

Ndugu wasomaji, tukitafuta chanzo cha maumivu ya bega lile, tunaweza kusema kano, tunaweza kusema beseni, tunaweza kusema mandazi. Sisi tunaona chanzo kilikuwa nyumba ya watu saba kuegemea mkono mmoja. Na ule mkono uliposhindwa, mzigo haukugawanywa. Ulihamishwa wote kwenye shingo ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Angalieni nyumbani kwenu kama mambo hayako hivyo. Mtoto wa umri ule apewe dumu la lita 5, akikomaa la lita 10. Watu wazima nao, mkiwa bombani twishaneni na tuanani. Kupandisha na kushusha ndiko kunakoumiza bega na kiuno kuliko hata kutembea na mzigo.

Mazoezi aliyopewa yalikuwa madogo mpaka akafikiri anachezewa. Wiki za kwanza, kusimama mbele ya ukuta, kuweka viganja kwenye ukuta kimo cha kifua, kuinama kuelekea ukuta na kujisukuma nyuma taratibu, mara kumi, asubuhi na jioni. Kuvuta mabega nyuma kana kwamba unataka mifupa ya mgongoni ikutane, kushikilia kidogo, kuachia. Baadaye, kuinua chupa ya nusu lita yenye maji mbele yako, kwanza mpaka kimo cha kifua, kisha juu zaidi kadiri wiki zinavyokwenda. Kanuni aliyopewa ndiyo tunayotaka wote mwishike: maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu, kama kesho asubuhi yametulia. Kama kesho yamezidi, jana ulizidisha, punguza, usiache.

Kwa nini asilale tu? Wengi wanafikiri dawa ya mgongo ni kulala chali mwezi mzima. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno yanayodumu, ugonjwa ambao mwaka 2020 ulikuwa umewapata watu wapatao milioni 619 duniani. Mwongozo huo unatia mkazo mazoezi na kumfundisha mgonjwa aelewe mwili wake, na unaonya juu ya baadhi ya dawa kali za maumivu. Kulala siku nyingi kunalegeza misuli, na siku ukisimama jembe linakuwa zito kuliko ulivyoliacha.

Jembe lenyewe lina habari yake. Kila mwaka mvua zikianza, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, watu wanaolalamika kiuno wanaongezeka hapa kambini, na si ajabu. Miezi ya kiangazi mtu hajainama. Mvua ikinyesha siku moja, kesho yake analima bustani kutoka saa kumi na mbili mpaka saa sita. Ni kama yale mandazi: si kazi, ni kazi iliyoruka ghafla. Wiki mbili kabla ya mvua anza kuinamainama, nusu saa ya kusafisha mitaro, kesho kidogo zaidi. Siku za kulima, kila baada ya nusu saa simama wima, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma mara tano. Jirani akikucheka mwache acheke, kesho mtaulizana hali.

Na mpini. Huko Kalifornia, Marekani, wafanyakazi wa mashamba ya mboga walikuwa wanapewa jembe lenye mpini usiozidi futi mbili, hivyo walifanya kazi wamejikunja kutwa. Waliliita kwa Kihispania el cortito, yaani kafupi. Migongo iliharibika, vijana wakawa vilema. Wenye mashamba walisema mpini mrefu utaharibu mimea. Wafanyakazi walidai, wakaenda mpaka mahakama kuu ya jimbo, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Mashamba yaliendelea kulimwa, na mboga zinaota mpaka leo. Kiongozi wao Cesar Chavez mwenyewe alikuwa mgonjwa wa mgongo. Sisi hapa hatuna wa kumshtaki. Mpini tunachonga wenyewe. Kwa palizi, mpini unaofika kifuani unakuwezesha kusimama. Bei ya kiuno kipya hatujaisikia.

Tupite haraka kwa wengine walioandika maswali yao. Baba anayebeba mizigo kwa baiskeli na goti linamuuma mbele: tazama kiti. Wengi tunaendesha kiti kiko chini sana, magoti yanafika kidevuni. Kipandishe mpaka pedali ikiwa chini kabisa mguu ubaki umekunjwa kidogo tu. Mama anayechomwa kisigino hatua za kwanza asubuhi, halafu kinatulia, halafu jioni kinarudi: huo ni utando ulio chini ya unyayo, umechoshwa na kusimama sana na kandambili zilizokwisha kuwa nyembamba kama karatasi. Kabla hujashuka kitandani, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako, hesabu mpaka kumi, rudia mara kumi. Kama una viatu vyenye soli nene kidogo, hivyo ndivyo vya kuvaa hata ndani ya nyumba. Kitachukua miezi, usikate tamaa.

Kuna mama mwenye mtoto wa miezi mitatu anayeuma kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Huo una jina la daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895, na unawapata sana akina mama wenye watoto wachanga. Chanzo chake ni jinsi ya kumnyanyua mtoto, ule mtindo wa kumtia vidole gumba chini ya kwapa. Mama mdogo, pitisha viganja chini ya matako na mgongo, umzoe kama unavyozoa unga. Na baba wa mtoto naye ana viganja.

Fundi cherehani wetu wa zoni ya jirani tumemwacha nyuma kwa sababu alitufundisha kitu. Shingo lake lilikuwa limekakamaa mwaka mzima. Alibadilisha mto, akabadilisha kigoda, wapi. Tulipokwenda kumtazama akishona tuliona anainama mpaka pua inakaribia sindano. Tukamuuliza, fundi, mbona unalinusa hilo shati? Akasema uzi hauoni vizuri siku hizi. Shingo halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa linayapeleka macho karibu na kitambaa. Amehamisha cherehani mlangoni kwenye mwanga, ameweka blanketi lililokunjwa juu ya kigoda, na anasubiri miwani. Shingo limeanza kugeuka kabla hata miwani haijafika.

Na sisi wenyewe, kwa kuwa tumewasema wengine. Muhula uliopita bega letu la kulia lilituuma mpaka tukawa tunaandika ubaoni tumeshika kiwiko kwa mkono wa kushoto. Vitabu ni vichache, kwa hiyo somo zima tunaliandika ubaoni, na tulikuwa tunaanzia juu kabisa, mkono umepita kichwa, vipindi sita kwa siku. Tulisema ni baridi! Siku hizi tunaandikia nusu ya chini, na wanafunzi wenye mwandiko mzuri wanapanda kwenye tofali kuandika juu. Wanagombania.

Kabla hatujafunga, kuna maumivu ambayo si ya kazi, na hayo usiyasubirishe kwa mazoezi ya ukurasa huu. Mgongo unaouma usiku pamoja na homa, kukonda au jasho jingi, nenda hospitali, maana hata kifua kikuu huingia kwenye uti wa mgongo. Mgongo unaokuja na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja, nenda leoleo, usilale nao. Kiungo kilichovimba, chekundu na cha moto. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Maumivu ya kifua yanayoingia mkono wa kushoto au taya: yote hayo ni ya kukimbia hospitali. Na kuna watu kati yetu wenye mwili wote unaouma kila mahali, ambao usiku hawalali kwa sababu ya mambo waliyoyaona njiani walipokimbia. Maumivu yao si ya uongo. Usingizi ukipotea na moyo ukiwa mzito, mwili nao unasikia maumivu kwa ukali zaidi. Waende wakaongee na washauri wa kituo cha jamii, na waseme hata habari za usingizi, siyo za mgongo tu.

Mnataka kujua mama amefikia wapi. Zimepita wiki kumi. Juzi tulimkuta anamsuka binti yake, mikono yote miwili juu. Dumu la lita 20 bado hajitwiki, na mtaalamu amemwambia asiwe na haraka. Vidonge ameviacha, tumbo limetulia. Wiki moja katikati alizidisha, kulikuwa na harusi na oda kubwa ya mandazi, bega likamrudia siku nne, alipunguza, likatulia. Binti anawahi kengele, isipokuwa Jumatatu, siku ya kufua. Tulimwomba radhi mbele ya darasa kwa zile adhabu. Aliinamisha kichwa akacheka, halafu akatuuliza kama hesabu ya kilo 840 itatoka kwenye mtihani.

Jumamosi hii, kuanzia saa nne asubuhi, fundi wa mipini atakuwa nje ya darasa letu. Mwenye jembe lenye mpini mfupi aje nalo, na aje mwenyewe, maana mpini unapimwa kwa kifua cha anayelima, si kwa kifua cha aliyetumwa. Mwezi ujao tutajibu barua zenu juu ya watoto wanaokojoa kitandani. Zimefika kumi na moja.